Tusingoje mazishi ndipo tufike kwa mgonjwa

Wakenya ni watu wa kusaidiana. Anayelikana jambo hili na ahudhurie mkutano wa kamati ya mazishi katika mtaa wowote wa Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu. Siku mbili hazipiti tangu mtu afariki kabla ya mwenyekiti na mweka hazina kuchaguliwa, kundi la WhatsApp kufunguliwa, basi la kwenda mashambani kutafutwa na michango kuanza kuingia kwa M-Pesa, mingine kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuonana na marehemu. Kina mama hupika, vijana hubeba viti, na wasiokuwa na pesa hutoa nguvu zao.

Swali ambalo ningependa tujiulize ni hili: watu hawa wote walikuwa wapi miezi mitatu kabla, marehemu alipokuwa hai, amelala kitandani katika nyumba ya vyumba viwili, akigeuzwa ubavu usiku na mchana na binti yake peke yake?

Wengi wetu huenda kumtazama mgonjwa mara moja. Tunabeba matunda, tunaomba, tunakaa dakika ishirini tukitazamana, kisha tunaaga. Haturudi tena mpaka tusikie habari za kifo. Si kwamba tuna roho mbaya. Hatujui la kufanya mbele ya mtu ambaye madaktari wamesema hatapona. Maoni yangu ni kwamba jambo la kufanya lipo, tena hufunzwa, na linaweza kufanywa na mtu asiyekuwa daktari wala tajiri. Jambo lenyewe ni kujitolea kuwahudumia wagonjwa wa hospisi pamoja na jamaa zao.

Hospisi si nyumba ya kufia

Kwanza tuondoe dhana potovu. Wengi wakisikia neno hospisi hufikiria jengo la huzuni ambako watu hupelekwa kungoja kufa. Ukweli ni kwamba hospisi ni huduma. Humlenga mtu mwenye ugonjwa mkali ambao hautarajiwi kupona, kama vile saratani iliyoenea mwilini, figo au moyo ulioshindwa kufanya kazi, au Ukimwi uliofikia hatua za mwisho. Nia yake ni kutuliza maumivu na kichefuchefu, kutibu vidonda, kusikiliza hofu za mgonjwa na kuisaidia familia yake.

Nairobi Hospice ilianza kuwahudumia wagonjwa mwaka 1990, katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Tangu wakati huo huduma za aina hii zimefika Mombasa, Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu, Nakuru, Thika na kwingineko, na huunganishwa na chama cha kitaifa kijulikanacho kama KEHPCA. Zipo chache zenye vitanda, kama Kimbilio iliyoko Kipkaren, si mbali na Eldoret. Nyingi hazina. Mgonjwa hukaa kwake nyumbani, huja kliniki akiwa na nguvu, na muuguzi humtembelea anapozidiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Juma lina saa 168. Hata muuguzi wa hospisi akifika nyumbani mara mbili kwa juma na kukaa saa nzima kila mara, saa 166 zinazobaki ni za familia. Hakuna hospisi yenye wauguzi wa kutosha kuzijaza saa hizo. Shirika la Utafiti wa Saratani la kimataifa, IARC, lilikadiria kwamba mwaka 2022 pekee Kenya ilikuwa na visa vipya vya saratani zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Hiyo ni saratani tu. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba kati ya watu wote ulimwenguni wanaohitaji tiba ya kutuliza maumivu kila mwaka, ni asilimia 14 hivi tu wanaoipata.

Mgonjwa wa pili

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo tunaouona mwepesi kwa sababu haumo kichwani petu ni ule wa mtunzaji. Katika kila nyumba yenye mgonjwa wa kitandani kuna mgonjwa wa pili ambaye hana faili hospitalini. Aghalabu ni mke, binti au mke wa mwana. Huamka usiku kumpa mgonjwa dawa, humgeuza kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda vya mgongo, humwosha, humpikia uji ambao pengine hautanyweka, hufua mashuka, kisha asubuhi huwatayarisha watoto kwenda shule. Kama alikuwa na kibarua, amekwisha kukipoteza. Kama alikuwa na kibanda cha mboga, kimefungwa.

Mtu huyu hahitaji kuambiwa apige moyo konde. Anahitaji saa mbili za kulala. Anahitaji kwenda kusukwa, kanisani, msikitini, au kukaa tu mahali ambapo hakuna anayemwita.

Tupige hesabu ndogo. Watu wanne wa mtaa mmoja wakijitolea saa mbili kila mmoja kwa juma, mtunzaji amepata saa nane. Hiyo ni siku nzima ya kazi. Anaweza kufungua kibanda chake siku ya soko, au kwenda mwenyewe kliniki kupimwa shinikizo la damu ambalo amelipuuza tangu mama augue. Hakuna dawa iliyonunuliwa na hakuna harambee iliyoitishwa, ila maisha katika nyumba hiyo yamebadilika.

Kwa sababu hii nasema kwamba anayetaka kujitolea asiulize kwanza atamfanyia nini mgonjwa. Na aulize ni nani anayemtunza, na mtunzaji huyo alilala saa ngapi jana.

Kazi zilizopo

Kukaa na mgonjwa ndiyo kazi ya kwanza. Kukaa huku kuna namna yake. Mhudumu wa kujitolea humsomea mgonjwa gazeti, Biblia au Kurani akipenda, humtafutia kituo cha redio anachokitaka, humlowesha midomo iliyokauka kwa kitambaa safi chenye maji, au hunyamaza tu. Wakati mwingine mgonjwa hutaka kusema mambo ambayo hawezi kuwaambia watoto wake kwa kuwa watalia. Humwambia mgeni anayekuja kila Jumamosi.

Kazi ya pili ni ya mbio za mjini. Foleni ya dawa hospitalini yaweza kummaliza mtu asubuhi nzima. Mtu mwenye kadi ya mgonjwa na barua ya hospisi anaweza kumwokolea mtunzaji asubuhi hiyo, mradi hospisi na duka la dawa wakubaliane naye kwanza. Kadhalika kuna kuchota maji pale mifereji inapokauka, kununua mboga, kumpeleka mtoto shule na kumsaidia masomo yake ya jioni.

Ya tatu ni usafiri. Mwenye gari anayeishi mtaa mmoja na mgonjwa wa saratani iliyoingia mifupani anaweza kumfanyia wema usio kifani kwa kumpeleka kliniki mara moja kwa mwezi. Kila tuta la barabarani ni kisu kwa mgonjwa kama huyo, na matatu haipunguzi mwendo kwa ajili ya mtu mmoja.

Ya nne ni ujuzi wa mtu mwenyewe. Kinyozi anaweza kwenda nyumbani kumnyoa mzee ambaye hajajitazama kwenye kioo kwa miezi miwili. Fundi seremala anaweza kuinua kitanda kwa matofali na mbao ili mtunzaji asivunjike mgongo. Mhasibu anaweza kuipanga bahasha ya risiti na kuisaidia familia kufuatilia masuala ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Wakili anaweza kueleza habari za wosia. Watu wengi hawajui kwamba chini ya Sheria ya Urithi wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na kwa raia wa kawaida hutambuliwa tu iwapo aliyeutoa amefariki katika muda wa miezi mitatu. Saa moja ya wakili leo yaweza kuizuia kesi ya ndugu kwa ndugu ya miaka kumi.

Aidha kuna ujuzi ambao wakazi wa mijini huusahau, nao ni lugha ya nyumbani. Wazee wengi huletwa Nairobi kutoka mashambani ili watibiwe, wakajikuta katika ghorofa ya nne miongoni mwa wajukuu wasiojua lugha yao. Nyanya anayesema Kikamba, Kimeru au Kiluo pekee hufa akiwa bubu kabla ya kufa kwa mwili. Mtu wa lugha yake anayefika mara moja kwa juma, akampigisha gumzo juu ya mvua na ng'ombe, amempa dawa ambayo haiuzwi.

Ya mwisho huanza pale wengine wanapomaliza. Baada ya mazishi hema huondolewa, sufuria hurudishwa kwa wenyewe na nyumba hunyamaza. Aliyezoea kuamka saa tisa za usiku kutoa dawa huendelea kuamka saa hiyo hiyo. Simu moja juma la tatu, na ziara nyingine mwezi wa tatu, huenda zikawa na thamani kuliko mchango wa siku ya mazishi.

Mambo ya kujiepusha nayo

Nia njema bila mafunzo yaweza kuleta madhara. Kwa hivyo asiende mtu kwa mgonjwa wa hospisi kwa kujituma tu. Na apitie kwa hospisi yenyewe, afunzwe na awe chini ya mtu wa kumwuliza.

Mhudumu wa kujitolea hagusi kipimo cha dawa. Wagonjwa wengi hupewa mofini ya kunywa, dawa ya maji iliyo chungu, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Kuna familia zinazoificha dawa hii kwa kuhofia kwamba mgonjwa atakuwa mraibu. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu, hofu hiyo isiwe sababu ya kumwacha mtu alie usiku kucha. Kazi ya mhudumu si kubishana na familia. Kazi yake ni kuandika saa dawa iliponywewa, kumwuliza mgonjwa maumivu ni vidole vingapi kati ya vitano, kuuliza kama amekwenda choo, maana mofini hufunga tumbo, kisha kumpigia simu muuguzi.

Asilete pia miti shamba ya shangazi yake, wala habari za mtu wa Thika aliyepona kwa kunywa majani fulani. Asimwambie mgonjwa kwamba anaugua kwa kukosa imani. Asimpige picha. Asiyasimulie kwenye chama wala kwenye matatu aliyoyaona chumbani. Siri ya mgonjwa ni amana. Asikope wala asikopeshe pesa katika nyumba hiyo, asiandikwe kwenye wosia, na asiahidi kurudi Jumanne kama hana hakika ya Jumanne. Mtu aliyekwisha kupoteza afya, kazi na marafiki asiongezewe ahadi iliyovunjwa.

Lipo pia suala la chakula, ambalo huzua ugomvi mkubwa. Tuna msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kwa mtu mwenye malaria ambaye atainuka kesho kutwa, msemo huu una hekima. Kwa mtu aliye katika siku zake za mwisho hauna nafasi. Mwili unaofunga kazi hauhitaji chakula kama zamani, na kumlazimisha kwaweza kumpalia na kumtesa. Mgonjwa wa hospisi huulizwa uji, na akikataa husikilizwa. Huulizwa pia nani aingie chumbani, wimbo gani uimbwe na dirisha lifunguliwe au lifungwe. Mtu ambaye kila jambo limeamuliwa na ugonjwa hufurahi kuachiwa mambo machache ayaamue mwenyewe.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linamhusu aliyefiwa karibuni. Wengi hutaka kujitolea mara tu baada ya kumzika mzazi au mwenzi. Moyo huo ni mwema, lakini ni busara kungoja kwanza, pengine mwaka mmoja, ili mtu asiende kulilia msiba wake katika nyumba ya wengine. Katika muda huo anaweza kusaidia ofisini, kupokea simu au kupanga michango.

Si kazi ya wasio na kazi

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye muda mwingi. Hebu tutazame Kerala, jimbo la India ambako watu wengi si matajiri. Mwaka 1999 wakazi wa wilaya ya Malappuram walianza mtandao wa majirani wa kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Sharti lao lilikuwa jepesi. Aliyeweza kutenga angalau saa mbili kwa juma alikaribishwa, akapewa mafunzo ya saa 16 na siku nne za kwenda na wauguzi nyumbani kwa wagonjwa. Walimu, wakulima, wanafunzi na wenye maduka walijiunga. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ilitoa sera yake ya tiba ya kutuliza maumivu, huku majirani wakiwa nguzo yake.

Hata hospisi za kisasa zenyewe zina deni kwa kujitolea. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's huko London mwaka 1967, miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akienda jioni kujitolea katika nyumba ya kuwatunzia maskini mahututi iitwayo St Luke's. Huko aliona kwamba wagonjwa walipewa mofini kwa saa maalum, kabla maumivu hayajarudi, na hawakuteseka kama wale wa hospitali kubwa waliongoja mpaka walie. Baadaye alisomea udaktari, akalifanya jambo aliloliona kuwa msingi wa tiba hii kote duniani. Macho ya mtu aliyekwenda kusaidia tu ndiyo yaliyoona.

Wengine watasema kwamba hii ni kazi ya serikali. Nakubaliana nao kwa nusu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na haki hiyo haikomi siku daktari anaposema hakuna matibabu zaidi. Dawa za maumivu zipatikane katika hospitali za kaunti zote, na wauguzi waliofunzwa waajiriwe. Wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 ambao serikali iliwazindua mwaka 2023 nao wafunzwe kumtambua mgonjwa anayehitaji hospisi na kumwelekeza. Mtu wa kujitolea asitumiwe kuziba pengo la muuguzi ambaye serikali haijamwajiri. Ila hakuna serikali itakayomtuma ofisa kukaa na mama yako ili dada yako apate usingizi. Hiyo ni kazi ya jirani.

Hospisi nazo zina wajibu. Anayepiga simu kutaka kujitolea asiambiwe tu kwamba atafahamishwa. Na apewe tarehe ya mafunzo, zamu iliyoandikwa, mtu wa kumsimamia na nauli pale inapowezekana, kwa sababu wakarimu wengi wa miji yetu ni watu wa kipato kidogo. Baada ya mgonjwa kufariki, mhudumu naye aitwe aketi, aulizwe anaendeleaje. Asiyepewa nafasi ya kuomboleza hatarudi.

Kamati ya mgonjwa

Pendekezo langu ni moja, nalo halihitaji sheria mpya. Kila kundi linaloweza kuunda kamati ya mazishi, liwe chama cha kina mama, jumuiya ndogo ya kanisa, msikiti, wafanyakazi wa ofisi moja au watu wa kijiji kimoja wanaoishi mjini, na liunde kamati ya mgonjwa. Kwanza waiulize familia, na mgonjwa mwenyewe akiweza kujibu, kama wanaitaka. Kisha wachague mtu mmoja wa kupokea simu, wapange zamu za saa mbili mbili, wapeleke watu wawili au watatu hospisi iliyo karibu wakafunzwe, na watenge sehemu ya fedha ambazo wangezitumia kwa hema na vipaza sauti ili zinunue nepi za watu wazima, sabuni na nauli.

Jeneza la bei ghali halimfurahishi aliyemo. Mgonjwa aliyenyolewa ndevu Jumamosi hujiona mtu tena, na binti aliyelala saa mbili hurudi kwa baba yake na uso mwingine. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haianzi siku tangazo la kifo linapotoka gazetini.

Msomaji, bila shaka unamjua mgonjwa mmoja ambaye umekuwa ukiahirisha kwenda kumwona. Juma hili mpigie simu yule anayemtunza. Usimwambie akuite akihitaji msaada, kwa sababu hatakuita. Mwulize ni siku gani angependa kulala mchana, kisha ufike siku hiyo, kwa saa aliyoitaja.